Kumuenzi mwimbaji kwa piano peke yake: namna ya kuandaa na kurekodi albamu ukiwa Tanga

Albamu ya piano tupu ya kumuenzi mwimbaji huanza na pengo. Sauti iliyozifanya nyimbo zipendwe haimo, maneno hayamo, wala bezi, ngoma na kinanda vilivyokuwa vikimjibu. Msikilizaji wa Tanga anayeujua wimbo ataujaza mwenyewe kichwani huku wewe unapiga. Kwa hiyo kila uamuzi, kuanzia ki ya wimbo (noti ya msingi unayojengwa juu yake) hadi saa ya kuwasha maiki, upimwe kwa swali moja: je, yule msikilizaji bado anaweza kuimba juu ya piano hii?

Mfano wetu ni Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliyeimba taarabu na vikundi vya Black Star na Lucky Star hapa Tanga, kisha JKT Taarab, akafariki mwaka 2016. Maelekezo haya yanafaa pia kwa mwimbaji wa dansi au wa Unguja, panapotofautiana tumesema.

Kuchagua na kuandika nyimbo

Orodhesha nyimbo ishirini, upige tisa au kumi. Dakika 38 hadi 42 zinatosha. Piano moja ikizidi hapo masikio huchoka hata kama mpigaji ni hodari. Usichukue zile maarufu tu. Wimbo unaofaa piano ni ule ambao melodi yake husimama ukiipiga kwa kidole kimoja bila kodi yoyote, yaani bila noti kadhaa zinazopigwa pamoja kuisindikiza. Ukiona inaporomoka, ujue uzuri wake ulikuwa kwenye maneno au kwenye gitaa. Uache, hata kama ndio unaoombwa kila harusi.

Kabla ya kuandika noti, hakikisha kasi ya rekodi. Kanda za zamani na santuri zilizohamishwa kwenye simu mara nyingi hukimbia au huburuta, na utakuta wimbo umekaa katikati ya A na A-flati. Usidhani mwimbaji alikuwa nje. Rekebisha sauti ya rekodi kwenye programu hadi bezi ilingane na piano yako, ndipo uandike. Punguza kasi hadi asilimia 75 kwa sehemu zenye madoido.

Andika mistari miwili. Wa kwanza ni melodi kama ingeandikwa kwenye kitabu cha kwaya. Wa pili ni kile alichokifanya kweli: alipovuta pumzi, aliposubiri bezi itangulie ndipo aingie, alipokata neno kabla ya mwisho. Huu wa pili ndio albamu yako. Wapigaji wengi huandika wa kwanza peke yake, na matokeo yake ni muziki wa mapokezi hotelini.

Jifunze maneno yote kwa moyo, na uyaimbe kwa sauti huku ukipiga. Lester Young, mpiga saksafoni aliyerekodi na Billie Holiday kuanzia 1937, alishikilia kwamba mpiga ala anayepiga wimbo bila kujua maneno yake hajui anachopiga. Kwenye taarabu jambo hili lina faida ya moja kwa moja, kwa sababu maneno yana hesabu. Mshororo wa mizani (silabi) 16 umegawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, mizani nane kwa nane, na pumzi ya mwimbaji hukaa kwenye mgawanyo huo. Zoezi zuri la kubuni papo hapo ni hili: kwa kila kipande piga noti nane tu, kisha nyamaza hadi kipande kinachofuata. Fanya hivyo wiki nzima kabla ya kujiruhusu mbio za vidole. Mbio hizo zikija baadaye, zitakuja zikiwa na pumzi.

Sauti ya mtu kwenye chombo cha nyundo

Noti ya piano huanza kufa mara tu nyundo inapogusa uzi. Mwimbaji huikuza noti, huitetemesha, huivuta juu au chini. Huwezi kuiga hayo, ila unaweza kuyadokeza.

Noti ndefu: iache ife, na chini yake sogeza sauti ya kati ya kodi kwa nusu toni. Kwenye A maina, shika E juu, huku ndani ukitembea A, G-shapu, G, F-shapu. Sikio huamini kwamba ile E bado inaimba. Usijaze kila noti ndefu kwa kutetemesha vitufe viwili. Mara moja kwa wimbo inatosha, ikizidi hugeuka mzaha.

Kuvuta sauti: gusa nusu toni ya chini pamoja na mdundo, si kabla yake, kisha achia mara moja na ubaki na noti yenyewe. Kidole kilekile kikiteleza kutoka kitufe cheusi kwenda cheupe hutoa mvuto laini kuliko vidole viwili. Ndiyo maana ki inayoweka vitufe vyeusi chini ya noti muhimu ni bora kuliko ki rahisi kusoma.

Robo toni: piano haina. Taarabu ya Tanga, iliyojengwa juu ya gitaa la umeme na bezi, haikusumbui sana hapa. Ukienda kwa waimbaji wa Unguja kama Siti binti Saad au Bi Kidude utaikuta mara moja. Piga nusu toni mbili jirani kwa pamoja, ya chini kwa nguvu kidogo, kisha achia moja. Usirudie kwenye kila beti.

Sasa ki. Mwanamke wa taarabu huimba zaidi kati ya A ya chini ya C ya kati na B au C ya juu yake, yaani katikati kabisa ya piano, palepale mkono wa kushoto unapotaka kuweka kodi. Ukipiga kwenye ki ya rekodi bila kufikiri, melodi itazama. Una njia tatu. Pandisha wimbo kwa nafasi ya nne, kwa mfano kutoka A maina hadi D maina. Au acha ki ileile, upige melodi oktava juu kuanzia beti la pili. Au, na hii ndiyo nzuri zaidi kwa nyimbo za huzuni, peleka melodi kwenye kidole gumba cha kushoto, na mkono wa kulia ujibu juu kama kinanda kilivyokuwa kikimjibu mwimbaji. Vyovyote vile, chini ya C iliyo oktava moja chini ya C ya kati usiweke kodi za noti zilizobanana. Huko weka noti moja, au mbili zilizoachana kwa nafasi ya tano, ya saba au ya kumi.

Kodi za asili huwa chache: Am, Dm, E7, Am. Zijaze jazi bila kuzifuta. Badala ya E7 moja, tanguliza Bm7♭5 kisha E7♭9. Am ya mwisho iwe Am6 au Am9. Hapo bado mtu anaimba. Ukiibadilisha bezi kwa nusu toni kila mdundo, msikilizaji atapotea kabla ya kiitikio. Kanuni inayofanya kazi: beti la kwanza kodi za asili kabisa, mabadiliko makubwa yaje kwenye beti la kubuni, na mshororo wa mwisho wa kila beti urudi nyumbani kwa njia ileile ili watu wajue walipo.

Tatizo la nyimbo za beti ndilo hilo: muziki uleule mara nne au tano. Bila maneno, beti la tatu tayari linachosha. Usipige beti zote. Mpango unaosimama vizuri ni utangulizi mfupi, beti moja wazi, kiitikio, beti moja la kubuni, kiitikio kwa sauti ya chini, na mshororo mmoja wa kufunga bila mdundo. Ni dakika nne hivi.

Mkono wa kushoto usitembee noti nne kwa kila ba (fungu la midundo minne) kama besi la jazi la New York kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa kumi. Bezi ya pwani mara nyingi hugonga mara tatu: mdundo wa kwanza, nusu ya pili ya mdundo wa pili, na mdundo wa nne. Ukiishika hiyo kwa kushoto na kulia ikachelewa kidogo, mtu wa mtaa wa Ngamiani ataanza kutikisa bega kabla hajajua unapiga wimbo gani. Besi linalotembea liweke kwenye nyimbo mbili tu.

Piano yenyewe

Piano za nyuzi hapa mjini ni chache, na nyingi ni za kusimama: makanisani, kwenye baadhi ya shule, kwenye nyumba za zamani. Ukiipata, kagua kwa mpangilio huu. Piga vitufe vyote 88 kimoja kimoja kwa sauti ndogo kabisa, ukiandika visivyorudi, visivyolia na vinavyogonga mara mbili. Kisha piga kwa nguvu, ukisikiliza mlio wa kitu kilicholegea. Fungua ubao wa mbele na umulike kwa tochi: kutu kwenye nyuzi, felti iliyoliwa na panya au nondo, vigingi vya kukazia nyuzi vilivyolegea. Mwisho pima A ya juu ya C ya kati kwa programu ya simu.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukikuta A iko herzi 432 (mitetemo kwa sekunde) badala ya 440 ya kawaida, piano imeshuka karibu theluthi moja ya nusu toni. Mafundi wengi watataka kuipandisha. Katika albamu ya piano peke yake hakuna anayekudai 440. Nyuzi ni zaidi ya mia mbili, zikivuta jumla ya tani kama 18, na zenye kutu hukatika zinapopandishwa ghafla. Mwambie fundi aitunie piano ilivyo, kila noti ilingane na nyenzake kwenye kimo cha sauti ilichokizoea. Itunwe mara mbili: wiki moja kabla, kisha siku ya kurekodi mchana, na fundi abaki karibu usiku wa kwanza, maana oktava za juu hutangulia kuteleza.

Unyevu ndio adui mkubwa wa pwani. Mbao hunyonya maji, ubao wa sauti huvimba, kimo hupanda. Hewa ikikauka kinashuka, na hakishuki sawa kwa nyuzi zote. Kwa hiyo kiyoyozi cha kuwasha saa mbili kabla ya kazi ni kosa: kinakausha hewa, unakizima kwa sababu ya kelele, unyevu unarudi, na hadi wimbo wa tatu piano imekwisha kuhama. Ama kiwake siku kadhaa mfululizo kabla, na kisizimwe isipokuwa wakati wa kurekodi wimbo mmoja mmoja, ama usikitumie kabisa. Sisi tunapendelea usikitumie.

Kitufe kinachonata mara nyingi kimevimba kwenye tundu la pini yake. Fundi hulipanua kidogo kwa koleo maalumu. Pedali inayolia paka unga wa risasi ya penseli kwenye egemeo lake. Mafuta ya kupulizia usiyaguse: yakifika kwenye vigingi, piano haitashika tena tuni, na yakifika kwenye felti hayatoki.

Kama piano ya nyuzi haipatikani, kinanda cha umeme chenye vitufe 88 vizito kinakubalika. Zima mwangwi wake wa ndani, toa waya mbili, kushoto na kulia, na rekodi data ya vitufe sambamba na sauti ili baadaye uweze kubadili mlio. Kompyuta itumie betri yake, kwani chaja ndiyo chanzo cha kawaida cha ule mvumo wa herzi 50. Na ununue pedali inayosikia nusu kanyago. Ile ya kuwasha na kuzima tu huwezi kupigia nyimbo za polepole.

Msimu, saa na chumba

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usipange kitu. Mvua juu ya mabati haina dawa. Kati ya Juni na Septemba kuna ubaridi kiasi, na upepo wa kusi wa mchana hupungua usiku. Vuli nayo huanza Oktoba.

Rekodi kuanzia saa tatu usiku, baada ya isha, hadi saa kumi alfajiri. Adhana ya alfajiri ikikaribia, funga kazi. Baada yake kunguru huamka, na kunguru wa Tanga hawaombwi. Mwezi wa Ramadhani uache, kwa sababu mji hulala mchana na kuamka usiku. Ngamiani ni mahali pa kuusikia muziki huu, si pa kuurekodi: bajaji, redio za jirani, shughuli za mwisho wa wiki. Raskazone ni kimya, ila kagua mawimbi na upepo kwenye minazi. Kaa chumbani dakika kumi gizani na hedifoni masikioni, maiki zikiwa zimewashwa, kabla ya kulipia. Muulize mjumbe wa mtaa kama kuna harusi wiki hiyo.

Chumba kizuri kina dari ya juu na kuta nene, kama vyumba vya majengo ya kale mjini. Piga kofi moja. Ukisikia mlio wa haraka unaorudi kama chuma, tundika mablanketi mazito kwenye ukuta mmoja kati ya miwili inayotazamana, na simamisha magodoro mawili kwenye pembe. Kanga hazisaidii, ni nyepesi mno. Piano ya kusimama isogezwe sentimita 40 hivi kutoka ukutani. Zima feni, jokofu, na simu zote kabisa.

Maiki na viwango

Maiki mbili za kondensa zinazofanana zinatosha. Kwa piano kubwa yenye mkia, fungua kifuniko chote, weka maiki mita 1 hadi 1.5 kutoka kwenye mpindo wake, kimo cha mita 1.5, vichwa vikiachana sentimita 17 na kutazama nje kwa pembe ya nyuzi 110. Kwa piano ya kusimama, ondoa ubao wa mbele wa juu na ufungue kifuniko. Weka maiki sentimita 25 kutoka kwenye nyundo, moja upande wa bezi na nyingine upande wa juu, zikiachana sentimita 75. Uwiano huo wa moja kwa tatu unazuia sauti za maiki hizo mbili kulana. Ikiwa nyundo zinagonga kupita kiasi, hamishia maiki nyuma, sentimita 30 kutoka kwenye ubao wa sauti. Mlio utakuwa wa giza kidogo, lakini kwa nyimbo za mahaba yaliyovunjika unafaa.

Rekodi biti 24, kiloherzi 48. Piga sehemu yenye kelele kuliko zote kwenye albamu, na urekebishe hadi kilele kisipite desibeli −12. Kisha sikiliza kwa mono, yaani kushoto na kulia zikiunganishwa kuwa sauti moja. Kama bezi imepungua ghafla, sogeza maiki moja sentimita chache na usikilize tena. Wasikilizaji wako wengi watakuwa na spika moja ya simu, kwa hiyo usiiruke hatua hii.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo faili huweza kuharibika, basi kompyuta iwe na chaji kamili na kadi ya sauti itumie umeme wa kompyuta au wa yu-pi-esi (betri ya akiba). Jenereta hata ikiwa mita thelathini mbali utaisikia kwenye mwisho wa noti.

Usiku wenyewe

Nyimbo tatu kwa usiku, mara tatu kila mmoja, zisizidi nne. Ukihitaji ya tano, mpangilio haujaiva. Vua saa na bangili; kanzu iliyopigwa wanga husikika ikisugua kiti. Sikiliza mdundo wa metronomu ba nne, uzime, ndipo uanze. Baada ya noti ya mwisho usiinue mguu wala usivute pumzi hadi sauti iishe kabisa, kisha hesabu kumi. Kosa hili la kuachia mapema haliwezi kutengenezwa baadaye. Rekodi pia dakika moja ya ukimya wa chumba kwa ajili ya kuziba mapengo kati ya nyimbo.

Nakili faili kwenye diski mbili kabla hujaondoka, zibebwe na watu wawili.

Kuunganisha vipande: kata mwanzoni mwa pigo la noti, kamwe si katikati ya mlio unaokufa, na pedali iwe hali ileile pande zote mbili. Ndani ya beti la kubuni usikate. Kwenye kuchanganya, punguza chini ya herzi 30, toa desibeli mbili kati ya herzi 200 na 350 kama kuna ukungu, na mwangwi wa bandia usipite sekunde 1.8. Kibanio cha sauti (kompresa) kisipunguze zaidi ya desibeli mbili. Sauti ya jumla iache kati ya −18 na −16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kilele desibeli −1. Fundi wa studio aliyezoea singeli atataka kuipandisha. Mkatalie, kwani ukimya wa kati ya vipande ndio nafasi ya mwimbaji.

Ruhusa na majina

Hutumii rekodi ya zamani, kwa hiyo unachohitaji ni ruhusa ya utunzi. Kwenye taarabu mshairi, mtunzi wa muziki na mwimbaji wanaweza kuwa watu watatu tofauti. Jina lililo kwenye kanda mara nyingi ni la mwimbaji tu. Anza kuuliza COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Bara, na kwa nyimbo za Zanzibar COSOZA, miezi kadhaa mapema. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inalinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Siti binti Saad alifariki 1950, lakini usikimbilie kusema nyimbo zake zote ziko huru: kama beti ziliandikwa na mtu aliyeishi zaidi, hesabu huanza kwa kifo cha huyo. Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ikiwa hujasajiliwa.

Familia ya mwimbaji iendee ana kwa ana, hata pale sheria haikulazimishi, na upeleke nyimbo mbili zilizokamilika badala ya maelezo. Picha ya jalada ina mwenyewe pia, naye ni mpiga picha au warithi wake. Ndani ya jalada andika kwa kila wimbo: mshairi, mtunzi, mwimbaji wa kwanza, kikundi, ki uliyopigia na kimo cha piano. Kama A yako ni 432, iandike, ili mwanafunzi atakayetaka kupiga pamoja nawe asidhani kinanda chake ndicho kibovu.